Siku Ardith Alipovua Peke Yake

Merle Peele alikufa wakati wa baridi kali, akiwa amepiga magoti nyuma ya duka lake la chambo, akihangaika na bomba la maji lililoganda. Tulimzika kwenye mchanga nyuma ya kanisa, upepo ukichukua maneno ya mchungaji kabla hayajatufikia, kisha tukaenda kula nyumbani kwa mkewe, Ardith. Kila mmoja alileta sufuria yake. Haikupita wiki, sufuria zikawa zimerudishwa kwa wenyewe, na Ardith akabaki na duka, friji mbili zilizojaa vichwa vya mkizi, na sauti ya marehemu.

Sauti hiyo ilikuwa ndani ya mashine ya simu. Miaka hiyo, mtu wa bara akitaka kujua kama samaki wanakula huku kwetu kisiwani Hatteras, alipiga simu dukani kwa Merle na mashine ikamjibu: upepo unatoka wapi, maji yana joto gani, jana nani kapata nini. Merle alirekodi taarifa mpya kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, kahawa mkononi, ulimsikia anavyoifyonza. Taarifa yake ya mwisho ilisema, "Njooni, jamani, njooni! Samaki wanatupandia mpaka kwenye buti!" Hakuna buti iliyopandiwa na samaki. Merle alikuwa mwongo wa kupendeza, watu walimjua hivyo, na walikuja vilevile.

Baridi ikiwa bado kali, alitokea mtu wa Virginia, kaendesha gari usiku kucha, mabega yana theluji. Akauliza, "Yule bwana wa kwenye simu yuko wapi?"

Ardith alimuuzia ngisi, akamwambia, "Ametoka kidogo."

Dallas, mdogo wake Merle, alikuwapo siku hiyo. Alikuwa mvuvi wa nyavu, na asubuhi zote ambazo bahari ilimkatalia alizimalizia kwenye kiti kilichokuwa karibu na jiko la dukani.

"Shemeji, futa hicho kitu," alisema. "Mtu tumeshamzika, bado anauza chambo!"

"Kifute wewe."

"Mimi? Mimi sikigusi."

"Basi nyamaza, unywe kahawa yako."

Ardith alikifuta mwenyewe majira ya machipuko yalipoingia. Aliniambia baadaye kwamba alibonyeza bila kukisikiliza tena, maana angekisikiliza kidole kingekataa. Kisha akarekodi taarifa yake ya kwanza. Nilikuwa nikifua mashuka ya nyumba za wageni na nyumba yangu ilitazamana na duka, kwa hiyo nilipiga simu nimsikie. Hakukuwa na salamu. "Hapa dukani. Upepo kaskazini-mashariki. Maji ya baridi, yamechafuka. Hakuna samaki. Bakini nyumbani." Halafu ule mlio wa mashine.

Kesho yake: "Upepo uleule. Papa wadogo tu, wanakula chambo na kukata mshipi. Bakini nyumbani."

Wenye nyumba za kulala wageni walinung'unika. Dallas alikuja kuwasemea.

"Shemeji, kaka alikuwa anawaita. Wewe unawafukuza."

"Kaka yako alijua kucheka nao wakikosa. Mimi sijui. Nikiwaita wakakosa, watakuja kusimama hapo mbele yangu wananitazama tu."

"Si uwatazame na wewe!"

"Dallas, hao mkizi wanakungoja uwakate vichwa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Miaka yote ya ndoa alisimama nyuma ya Merle, kisu mkononi, akikata chambo wakati mumewe anapiga soga. Lakini mtu asidhani hakujua bahari. Kila machipuko, samaki wakubwa wekundu kama shaba wanaporudi pwani yetu, wale tunaowaita ngoma kwa sababu ya mlio wanaoupiga tumboni, yeye na mumewe walifunga duka mapema wakaenda kusimama kwenye Ncha, pale kisiwa kinapokunja kiwiko na mikondo miwili kugongana. Walisimama bega kwa bega, maji ya magoti. Na kila samaki mzito aliposhika mshipi wa Ardith, Merle alimkimbilia: "Nipe, nipe hapa, utamkata!" Akaichukua fimbo ya kuvulia. Ukuta mzima wa dukani ulikuwa picha za Merle amebeba ngoma kifuani kama mtoto. Nusu ya samaki hao walikula chambo cha Ardith. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha.

Machipuko hayo alikwenda Ncha peke yake mara kadhaa, akasimama mpaka vidole vikafa ganzi, akarudi na samaki wadogo wa kukaanga au bila kitu. Wanaume waliokuwa pale walimwachia nafasi kubwa, kama mtu anavyopishwa kanisani akiwa na msiba. Hakuna aliyemsogelea kuuliza umepata nini. Alisema hilo ndilo lililomuuma, kwamba hata utani walimnyima.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Mvua iliyolazwa na upepo, upepo wa kaskazini-mashariki bado unapuliza, bahari rangi ya matope. Ardith alirekodi, "Hakuna kitu na hakutakuwa na kitu. Bakini nyumbani," na watu, wakiwa wamekwisha kumzoea kwamba hadanganyi, wakabaki. Dallas alikwenda kushona nyavu zake. Mimi nilikuwa na rundo la mashuka.

Mchana upepo ukakata. Mashuka yangu yaliacha kupiga kelele kwenye kamba, nikatoka kutazama kuna nini. Kisha ukaja mwingine kutoka kusini-magharibi, wa joto, unanukia misonobari na matope ya upande wa pili wa kisiwa. Niliona Ardith amesimama mlangoni pa duka, uso juu. Akageuza kibao cha mlangoni, akatupa fimbo mbili kwenye pikapu, akaondoka.

Ncha ilikuwa tupu. Ufukwe ule, ambao wakati wa ngoma huwa na magari yamepangana kama mnadani, haukuwa na hata alama ya tairi. Mvua ilikuwa imezifuta. Alinihadithia kwamba maji yalikuwa yamegawanyika mbele yake kama yamechorwa mstari, ya matope huku, ya kijani kule, na mstari wenyewe ulikuwa ukisogea ufukweni. Ndege walikuwa wakijitupa juu ya mstari huo. Akatia kichwa cha mkizi kwenye ndoana, akaingia majini mpaka kiunoni, akatupa.

Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, haikukaa chini. Ngoma wa kwanza aliubeba mshipi kana kwamba kautaka siku nyingi. Ardith alimfikisha mchangani, akamtoa ndoana, akamwachia, akatia chambo kingine. Wa pili hivyo hivyo. Akaacha kuhesabu. Mshipi ulikuwa umemchana kidole, na anasema alikuwa akizungumza kwa sauti muda wote, akiwatukana samaki na kuwabembeleza, maana nani angemsikia?

Kisha akaja yule mkubwa. Alimjua kwa uzito: hakukimbia, aliondoka tu, polepole, kama ng'ombe anayevuta kamba. Ardith alimfuata kandokando ya maji mpaka pikapu yake ikawa ndogo nyuma yake. Mara mbili mshipi ulikaribia kwisha. Na mara zote mbili, alivyoniambia, mgongo wake wenyewe ulikakamaa ukingoja mtu aje mbio. Alikuwa akingoja mikono ya Merle juu ya yake. Haikuja.

Wimbi lilipomleta samaki mchangani, jua lilikuwa bado liko juu ya vichaka. Ardith hakuwa na kamera. Ilibaki dukani, hakuwahi kufikiri ataihitaji. Hakuwa na mzani wala mtu. Sheria hairuhusu kumchukua ngoma wa ukubwa ule. Basi akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka: alilala chini kando yake, kwenye mchanga wa maji, nguo zote mwilini, ampime urefu kwa mwili wake. Mkia kwenye visigino vyake, pua ikamfika kwapani. Walilala hivyo kidogo, wawili hao, wakitazamana. Akamsikia akipiga ngoma tumboni. Akainuka, akamsukuma mpaka kwenye kina, akamshika mkia mpaka alipojichomoa mwenyewe.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa napiga pasi. Alisimama jikoni akichuruzika maji, mchanga umemjaa nywele, damu kidoleni.

"Mungu wangu, Ardith! Umeanguka?"

"Nimempata," alisema. "Nimempata, nimempata."

Nilimvua koti, nikampa kahawa na kipande cha mkate wa mahindi, akanieleza yote, na alipofika mwisho akaanza kulia, nami nikamwambia maneno ambayo mtu husema, kwamba Merle angejivunia.

"Angeninyang'anya fimbo," alisema.

Nikamwongezea kahawa.

"Unajua nilifikiri nini, alipokuwa mchangani? Nilifurahi Merle hayupo. Nilifurahi kweli, kwa roho yote. Halafu nikageuka nimwonyeshe mtu, na ufukwe wote ule ulikuwa mtupu. Hata wa kugombana naye hakuna."

Alikula mkate wake. Aliondoka kabla giza halijaingia, na nikaiona taa ya dukani ikiwaka.

Asubuhi alirekodi: "Jana niliwaambia mbaki nyumbani. Upepo uligeuka mchana. Ngoma walikuwapo Ncha, wengi, wakubwa. Nilikuwa peke yangu. Leo upepo ni uleule. Mkitaka njooni."

Simu haikutulia. Dallas aliingia dukani bila kofia.

"Shemeji! Yaani umetufungia nyumbani kama kuku, ukaenda kula sahani nzima peke yako?"

"Sikujua, Dallas."

"Mkubwa kiasi gani?"

Ardith akajishika kwapa, pale pua ya samaki ilipofika. Dallas alimtazama, akatazama zile picha ukutani, akacheka.

"Haya. Kumbe kaka kakuachia na uongo wake."

Alisema kwa mapenzi. Nadhani alifikiri anampa zawadi, kumwingiza katika utani uliokuwa wa wanaume. Lakini Ardith aligeukia friji, akaanza kupanga mkizi waliokwisha kupangwa. Watu walijaa Ncha kwa siku kadhaa, wakapata samaki wa buluu wenye meno na ngoma wachache, wote wadogo. Kila aliyepita dukani alijishika kwapa na kukonyeza. Ardith aliwauzia chambo. Aliendelea kusema ukweli kwenye mashine, na wateja wakaja au wasije.

Nilimwamini. Nilimwambia hivyo, na machipuko yaliyofuata aliniomba twende pamoja, kwa aibu, kama msichana anayeomba kusindikizwa. Sikuwahi kuvua. Nilikaa ndani ya pikapu, blanketi magotini na supu ya chaza kwenye chupa, nikamtazama amesimama majini, suruali ya mpira mpaka kifuani, mgongo umenielekea. Wanaume walikuwa mbali upande wa kulia. Alitupa, akangoja, akavuta, akatia chambo, akatupa. Nilipunga mkono mara moja nikidhani amegeuka, kumbe alikuwa akitazama ndege. Supu ikapoa. Alipotoka majini mchana umekwisha na kufungua mlango wa gari, aliruka nyuma kwa mshtuko, mkono kifuani.

"Ee, jirani," alisema. "Nilisahau kabisa kama uko humu."