Dakika Kumi za Kuamsha Gia

Mwezi uliopita nilipanda kwetu Lukozi, milimani kule Lushoto, na asubuhi ya kuondoka mtoto wa kaka yangu akaja kunichukua kwa gari lake. Baridi ya Julai unaijua wewe uliyewahi kulala huko: ukungu hadi mlangoni, kabichi zimelowa kama zimetoka kuoshwa. Kijana akawasha, akatia gia, akachomoka. Nilimfokea mpaka akaegesha pembeni.

"Shangazi, samahani, nimekosa nini? Magari ya siku hizi hayahitaji kungojewa."

Huenda ni kweli. Hasira yenyewe haikuwa juu yake. Ni ya zamani sana, na kila nikidhani imepoa naikuta inachemka.

Miaka ya Ujamaa, mimi nikiwa darasa la tatu, baba alikuwa dereva wa Landrova ya kijiji. Lilikuwa gari moja tu, la wote: lilibeba miche, lilibeba mbolea, lilikimbiza wagonjwa na wajawazito hospitali ya Lushoto. Kila asubuhi, mama akikoroga uji, tuliisikia injini ikiwaka na kubaki inanguruma chini kwa chini. Baba aliiacha gia frii na kuondoa mguu kwenye klachi, ili vyuma vya ndani ya giaboksi vizunguke na oili iliyoganda kwa baridi ianze kulegea. Akaja jikoni, akanywa uji wake wa maziwa na kiazi cha kuchoma, akarudi. Hapo aliishika fimbo ya gia na kuisalimia kwa Kishambaa, "Onga makeo?" yaani umeamkaje, kama anamsalimia jirani. Tulicheka kila siku, naye alifanya kila siku. Kisha alizunguka uwanja wa shule mara mbili, taratibu, kwa gia ya kwanza na ya pili. "Injini imeamka," alikuwa akisema, "gia bado zimelala."

Kila siku ya Sabasaba, baada ya ngoma na kwaya, madereva wa huko juu walishindana kupandisha mlima. Hawakuwa watu wa mashindano, usidhani. Alikuwepo dereva wa lori la mboga, wa misheni, wa shule, na baba. Walianzia uwanjani, wakapanda kona zote hadi juu msituni, na sisi watoto tulipanga foleni kwenye ukingo wa barabara tukitafuna miwa, vumbi likitujaa mdomoni. Baba alikuwa ameshinda mara mbili. Nilitembea shuleni kama mimi ndiye niliyeshika usukani.

Mwaka ule wa darasa langu la tatu alikuja mkubwa mmoja kutoka mbali, mgeni wa heshima. Alichelewa, na alipofika alitaka mashindano yaanze kwanza, kabla ya ngoma, kwa kuwa alikuwa na safari. Magari yalikuwa yamekaa tangu alfajiri kwenye ukungu. Madereva wengine waliwasha na kujipanga. Baba akawasha na kuanza mzunguko wake wa kwanza. Mkubwa, kikombe cha chai mkononi, akauliza yule anazurura wapi na mafuta ya wananchi. Baba akasimamisha gari, akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo mzee. Naomba dakika kumi tu. Oili ya gia imeganda."

"Unataka tuichemshie na chai?"

Watu wakacheka. Wakacheka, ndugu yangu, uwanja mzima! Hata wale ambao Landrova ile iliwakimbizia wake zao hospitali wakiwa na uchungu. Baba akavaa kofia, akarudi ndani.

Bendera ikashuka. Gia ya kwanza iliingia kwa shida. Ya pili ikakataa. Mkubwa akapiga makofi, "Twende, twende!" Baba akaisukuma kwa nguvu, nikasikia meno ya gia yakikatika, gari likasimama palepale. Najua alipaswa kukataa na kushuka. Lakini siku zile ukimkatalia mkubwa mbele ya umati, uliitwa mpinzani wa maendeleo, na jina hilo lilikufuata hadi kwa watoto wako.

Mkutano wa kijiji ulifanyika wiki ileile, chini ya paa la shule. Mwenyekiti aliuliza nani alikuwa kwenye usukani. "Mimi." Nani alitia gia? "Mimi." Hakuna aliyeuliza nani alimnyima dakika kumi. Nilitazama nyuso zile moja moja, watu wazima wenye ndevu, wote wakiangalia miguu yao. Baba akanyang'anywa ufunguo, akapewa jembe la shamba la pamoja. Kipuri hakikupatikana kamwe. Wagonjwa wakarudi kubebwa kwa machela, na jirani yetu aliyejifungulia njiani akamwambia mama kisimani, "Mumeo ndiye aliyetuvunjia gari."

Mama alilia usiku kucha. Akamuuliza baba kwa nini hakujitetea.

"Walikuwepo wote," alisema. "Niwaambie nini wasichokijua?"

Hakushika usukani tena maisha yake yote.

Uwanja ule sasa una maduka na pikipiki zinazongoja abiria. Shamba la pamoja liligawanywa, mashindano yalikufa, na asubuhi za Lukozi hazina tena ule mngurumo wa chini kwa chini. Ninavikumbuka vyote, hata ladha ya ile miwa.

Baba alipofariki, mchungaji alisoma wasifu wake kaburini: alizaliwa, alibatizwa, alioa, alikuwa mkulima hodari. Hapakuwa na neno moja la udereva. Niliposikia hasira ilinichemka, na sikuwa na wa kumkasirikia. Wasifu ule niliuandika mimi. Niliandika "dereva," nikawafikiria wale watu wa mkutano watakavyotazamana, nikafuta.