Kidevu cha Wajdi

Kaka yangu Wajdi anatekenyeka. Sisemi kidogo kama watu wengine. Ukimgusa chini ya kidevu anaanguka na kiti chake. Ndiyo maana alifuga ndevu tangu zilipoota, akatuambia eti ni heshima ya mwanamume. Heshima gani! Fundi friji mzima, makombo ya mkate yamejaa ndevuni.

Akachumbia. Sahar, binti wa kijiji cha pili, akamwambia, "Nakupenda, lakini siolewi na kichaka." Na kwetu bwana harusi hanyolewi kwa kujificha. Anakalishwa uani mchana kweupe, kinyozi anafungua wembe wake wa kukunja, sisi wanawake tunamwimbia kinyozi amnyoe taratibu, na wakwe wote wametoa macho. Wajdi akicheka, atakatwa shingo. Akikimbia, atachekwa mpaka na wajukuu zake.

Nikamkokota hadi kwa Abu Ramiz, kinyozi wetu, mjane asiyecheka hata kwa bahati mbaya. Akampaka povu, akanyoosha vidole kuivuta ngozi. Wajdi huyo! Tulimkuta mbele ya duka la kunafa, vile vitamu vya jibini, povu hadi masikioni.

Abu Ramiz akamtia wembe mkononi. "Jinyoe. Mkono wako mwenyewe haukutekenyi."

"Ami, nitajiua!"

"Anza na puto."

Basi nyumba yetu ikawa vita. Analipaka puto povu, analinyoa, paa! Mama anaruka. Paa! Mama anamlaani aliyevumbua maputo. Siku puto lilipotoka safi, zima, Wajdi alilibusu, tena mbele za watu.

Kisha mashavu, kisha kidevu, Abu Ramiz amemsimamia: "Ulaze wembe, usiusimamishe! Vuta ngozi. Fuata ndevu zinakoelekea. Una haraka ya nini, nani anakufukuza?"

Na hapo ndipo kaka yangu alipopotea. Taulo la moto, sabuni yetu ya mafuta ya zeituni inayoumuka kwenye bakuli, wembe ukikwaruza kwaru, kwaru. "Intisar, shika hapa!" ananiita. "Shika! Laini, sivyo?" Anajinyoa huku anaimba, sisi tunagonga mlango wa bafu tumebanwa. Wiki ya harusi ilibidi Mama aufiche ule wembe, la sivyo angefika uani hana hata udevu wa kunyolewa.

Siku ikafika. Abu Ramiz akafungua wembe, akamkabidhi Wajdi. Baba mkwe akasimama. "Tangu lini bwana harusi akajinyoa? Anaogopa kinyozi?"

Wajdi akaanza shavuni, akashuka kidevuni, akainua shingo mbele yao wote. Mama akaugeuza wimbo palepale: taratibu, mwanangu, taratibu. Hakuna tone la damu. Baba mkwe akampapasa shavu, akampapasa tena. "Mashallah," akasema, "mimi utaninyoa lini?" Vigelegele nilivyopiga, sauti ilinikauka siku mbili.

"Na Abu Ramiz alikuja kufanya nini?" mtu akauliza.

"Kunyolewa," Wajdi akajibu, akamsukumia kitini.

"Mimi hujinyoa mwenyewe!" Abu Ramiz alipiga kelele. "Niacheni! Wajdi, nitakuumbua!"

Povu likapakwa. Wajdi akamwekea vidole viwili chini ya kidevu, na Abu Ramiz, kinyozi asiyecheka, akatoa kicheko chembamba cha kitoto, akaanguka na kiti.

Loo! Tulilia kwa kucheka. "Kumbe na wewe, ami!"

Alikaa palepale chini, povu limemtapakaa, anacheka na kujifuta macho. "Wallahi," akasema, "tangu mke wangu, Umm Ramiz, afariki, hakuna aliyenigusa hapa."

Wajdi akamwinua, akamkalisha vizuri.

"Basi tulia, ami. Hata sijaanza."

Nasi tukamwimbia kinyozi.