Hela ya Shaba Shingoni mwa Mdogo Wangu

Baba alifuata kambi ya reli kuelekea Tabora mdogo wangu akiwa bado tumboni. Homa ikamuua huko. Mwenzake aliyerudi kwetu Gulwe alituletea blanketi lake na hela moja ya shaba. Siku hizo hela lilikuwa jina la ile sarafu ndogo ya Wajerumani, si la fedha zote kama sasa.

Mama hakuitumia. Aliketi mlangoni akiigeuzageuza. Upande mmoja ulikuwa na majani yaliyozunguka mviringo. Yeye akashikilia kuwa ni ya mlenda. Upande wa pili ulimshinda, akamwuliza mchuuzi wa tumbaku wa Kondoa aliyepita kwetu kila kiangazi.

"Hiyo ni taji, mama. Kofia ya mfalme wao."

"Kofia tupu? Kichwa kiko wapi?"

Mchuuzi alicheka mpaka akatua mzigo. Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu blanketi lile lifike.

Mhunzi aliitoboa kwa msumari wa moto. Mama akapitisha uzi wa ngozi, akamvika mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa.

Siku moja tukiuza maziwa stesheni, askari alimwinamia mtoto.

"Nani amepindua taji ya Kaizari?"

Kweli, mhunzi alikuwa ametoboa upande wa chini, na taji ikaning'inia miguu juu. Wanawake wengine wakasogeza vibuyu vyao pembeni. Nilishika mguu wa mama.

"Ni ya baba yake, bwana askari. Alikufa relini, hakumwona mtoto huyu. Nimemvika aitazame yeye. Simama nyuma yake, uone anavyoiona."

Mdogo wangu alikuwa ameishika kwa vidole vyote, anaikodolea macho. Askari akazunguka, akainama juu ya utosi wake. Kutoka pale, taji ilikuwa imekaa sawasawa.

"Haya," akasema taratibu. "Angalia asiimeze."

Akanunua maziwa, akayanywa amesimama.

Njiani kurudi, tulipovuka korongo, mama aliketi mchangani akalia, kisha akatunywesha maziwa yote yaliyobaki. Nimekunywa mengi tangu hapo, lakini ladha ile ya kibuyu kilichofukizwa moshi sijaipata tena popote.