Nilipeleka Mikono Yangu Likasi

Ndugu zangu wa Mbeya mnaoniuliza kila siku kama bado nacheza, nianze na aibu, tumalizane nayo. Mwezi wa Desemba mpira ulinitoka mikononi. Kwa wasioujua mchezo wenyewe: huku Marekani kuna futiboli inayochezwa zaidi kwa mikono, mpira wake umechongoka pande mbili, na kazi yangu ni kukimbia pembeni, kumkwepa anayenilinda, kisha kugeuka na kudaka mpira ambao mwenzangu ameurusha kutoka mbali. Kazi hiyo imenilisha miaka sita katika timu tatu. Siku ile nilikuwa peke yangu, hakuna wa kunigusa, mpira ukaja wenyewe mpaka viganjani, ukaanguka. Tukashindwa. Tangu hapo mikono ikaharibika. Hata mazoezini nilidondosha mipira ambayo mama angeidaka akiwa na beseni kichwani. Mwezi wa Januari timu ikaniacha.

Nilibakiwa na nafasi moja. Timu nyingine iliniita kwa majaribio ya siku tatu mwezi wa Aprili. Nina miaka ishirini na tisa. Katika kazi hii huo ni uzee, na anayekataliwa kwa umri huo simu yake huwa hailii tena. Nilikuwa katika mawazo hayo shangazi, dada wa marehemu baba, aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Likasi, kule Kongo alikozaliwa baba: "Kasongo, miaka yote unasema utakuja. Unangojea matanga yangu? Ile siku minye siwezi kukuona." Matanga kwao ni msiba, na minye ni mimi. Nikakata tiketi siku hiyo hiyo. Wakala wangu, anayenitafutia timu, alilalamika weee, kisha akanipa sharti: nisiguse kitu kigumu kuliko mto wa kulalia. Kidole kimoja kikivunjika, majaribio hayapo.

Jumanne mchana nilitua Lubumbashi. Trésor, mtoto wa shangazi, alikuwa amekuja na pikapu ya jirani na karatasi yenye jina langu, kana kwamba mtu wa urefu wangu anaweza kupotea kiwanjani pale. Tulishika barabara ya Likasi tukiwa nyuma ya malori yaliyobeba shaba. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni na majani yalikuwa marefu kando ya lami, na kila baada ya mwendo kidogo kulikuwa na magunia ya makaa yamepangwa yakisubiri wanunuzi. Trésor alitaka kuelewa kazi yangu. Nilimweleza kwa kirefu, mpaka kwenye kizuizi cha ushuru wa barabara.

"Donc unakimbia, unakamata mupira na mikono?" akauliza, akichanganya Kifaransa na Kiswahili kama wanavyosema wote huko.

"Ndiyo."

"Na miguu haupigake?"

"Kuna mwenzetu mmoja anayepiga. Mimi sipigi."

Akalipita lori moja. "Foot gani hii bila miguu?" akasema, na suala hilo kwake likaishia hapo.

Saa kumi na moja jioni vilima vya Likasi vilijitokeza, na bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Shituru. Shangazi anakaa Shituru, kwenye nyumba ambayo marehemu mumewe alipewa alipokuwa akifanya kazi kiwandani. Alinipokea mlangoni, akanishika uso, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Ni baba yake muzima! Sasa huu urefu, tutaulalisha wapi? Kitanda ya humu haitakuenea hata." Kweli hakikunienea. Nililala siku zote na miguu juu ya kiti.

Jumatano hadi Ijumaa nilikula. Bukari, yaani ugali, na samaki wa mto Lufira, na lengalenga, ndiyo mchicha, na tena bukari. Asubuhi nilifanya mazoezi uani, Trésor akinirushia mpira niliokuja nao. Alijifunza haraka kurusha. Mimi niliendelea kudondosha. Shangazi alitutazama kutoka mlangoni, akaingia ndani kabla hatujamaliza. Niliona haya kuliko siku ya mechi.

Jumamosi, saa moja asubuhi, kulikuwa na salongo kanisani kwao. Salongo ni kazi ya pamoja, na kanisa lao, la Kipentekoste, lilikuwa linajengwa, kuta zimefika usawa wa madirisha. Kila familia huchoma matofali yake, na siku ya salongo lori huyakusanya na waumini huyashusha. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa tofali siku ya tano, kwa hiyo siwezi kusema nilionewa. Lakini nilikumbuka vidole vyangu, nikakaa pembeni kivulini, mikono mifukoni. Nilisikia wanawake wakisema mtoto wa Marekani anaogopa vumbi. Shangazi aliinamisha kichwa. Hilo ndilo lililoniinua, kwa sababu alikuwa amewaambia watu wote kwamba damu yake imekuja kusaidia.

Nikatoa mfukoni glavu zangu za kudakia, zile zenye viganja vinavyonata, nikavaa. Waliojipanga kushusha matofali walicheka wote. "Docteur amefika! Tunapasua nani leo?" mzee mmoja aliuliza. Vumbi la matofali liliua ule unato kabla sijahesabu kumi, nikazivua.

Wanafanya hivi: watu wanasimama hatua mbili mbili kutoka lori hadi ukutani, na tofali linarushwa kutoka mkono hadi mkono. Aliyeongoza mstari ni Maman Odette, mama mfupi mwenye mabega mapana, ambaye siku za kazi huuza unga sokoni. Ana sheria moja. Ukivunja tofali la familia ya mtu, mstari unasimama, naye anakuuliza mbele ya wote akili yako ilikuwa wapi. Ukijibu, kazi inaendelea. Kabla yangu kijana mmoja alivunja, akakiri kwamba alikuwa anawaza mchumba wake, na watu wakamwombea kwa kelele na vicheko.

Mimi nilivunja la tatu lililonifikia. Lilinipiga ncha za vidole, nikalinyakua, likaponyoka.

"Simama!" Maman Odette akageuka. "Akili yako ilikuwa wapi?"

"Hapa hapa, mama."

"Bongo. Mu lupango ya Mungu hatusemake bongo."

Bongo kwao ni uongo, lupango ni kiwanja cha nyumba, na uongo haukuwa na mahali katika kile cha Mungu. Watu thelathini walinitazama na matofali mikononi. Niliwaza nitaje mchumba na mimi, lakini sina. Basi nikasema. Nikawaambia kuna mpira uliniponyoka mwezi wa Desemba, maelfu ya watu wakiangalia, na tangu siku ile kila kitu kinachonijia mikononi nakiona ni ule mpira. Sikuwahi kumwambia mtu, hata kocha, hata mama.

Maman Odette alisikiliza hadi mwisho. "Na kisha?"

"Tukashindwa."

"Muntu alikufa?"

"Hapana, mama."

"Bon. Kamata brique."

Na tofali likaja, mstari ukaendelea. Nilitegemea angalau mtu anionee huruma, lakini lori lilikuwa limejaa. Nikavunja jingine, nikasema akili yangu ilikuwa kwenye vidole. Baadaye tena, nikasema ilikuwa kwa mwanamke aliyenicheka. Hapo wakacheka zaidi. Maman Odette akaja kusimama mkabala nami. "Unakamata sawa muntu mwenye kuiba," alisema, yaani kama mwizi. "Unaliogopa, kisha unalinyanganya. Liache lifike. Mikono irudi nalo kiloko." Kiloko, yaani kidogo. Akanionyesha: mikono yake ililipokea tofali ikirudi nyuma nalo, kama unavyompokea mtoto aliyelala, na kwa mwendo uleule likaenda kwa mwingine. Hayo ndiyo niliyofundishwa na makocha nikiwa na miaka kumi na saba, na niliyasahau kwa hofu. Kufikia saa sita lori lilikuwa tupu. Viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, vidole vyote kumi vilikuwepo, na sikukumbuka ni lini niliacha kuvihesabu.

Jumapili nilisimamishwa ibadani nikaombewa kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiluba. Jumanne shangazi alinisindikiza mpaka barabarani, akanifungia samaki wakavu ambao watu wa forodha wa Marekani waliwachukua bila aibu.

Aprili, siku ya kwanza ya majaribio, mpira wa pili kurushwa uliniponyoka. Zamani ningetembea kurudi mstarini nikiwa nimekufa. Kocha aliniuliza kulikoni, nikamwambia ukweli: nilikuwa nawaza mkataba. Alinikodolea macho, kisha akasema turudie. Nikarudia, nikadaka. Siku mbili zilizofuata nilidaka na kudondosha kama wachezaji wote wanavyodaka na kudondosha, na baada ya kila ulioanguka niliungojea unaofuata. Nilichojifunza ndicho hicho, wala si kikubwa: kosa ukilitaja kwa sauti mbele ya watu, linapungua mpaka linakuwa la ukubwa wake.

Siku ya tatu jioni walinipa mkataba wa mwaka mmoja. Kwa mchezaji wa umri wangu, mwaka mmoja ni mlango uliofunguliwa robo. Nilimpigia shangazi, nikamweleza kwa uangalifu, nisimpe matumaini kuliko niliyonayo.

"Mwaka moja?" akauliza.

"Mmoja tu, shangazi."

"Bien," akasema. "Minye nilimuombaka Mungu kumi. Ameanza kuleta."