Vishikio Vinne vya Kiwiko

Binti yangu wa pili wanamwita Kiwiko. Jina alipewa na watoto wenzake alipokuwa na miaka sita, na siku nilipolisikia nilitoka nje na mwiko mkononi kumtafuta aliyelianzisha. Yeye akanishika sketi. "Mama, waache. Si kweli nafungua kwa kiwiko?"

Alizaliwa vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Vimenyooka tu, kama vya mtu anayempungia mwenzake. Mkono wenyewe una nguvu, bega lina nguvu, ila vidole havishiki kitu. Basi milango aliifungua kwa kiwiko, mikoba aliitundika kwenye kiwiko, na wale waliomchokoza shuleni walikijua kiwiko hicho kuliko mimi mama yake.

Mimi nilikuwa nyuma yake siku zote. Nilimfunga vifungo, nilimkatia mkate, nilimfungulia chupa ya maji kabla hajasema ana kiu. Watu waliniambia namdekeza. Hawajui ninachokiona nikifumba macho. Ngazi yoyote, ukuta wowote, mimi nimeshamwona ameanguka kabla hajafika.

Alipotaka kujifunza ushonaji, shangazi yake alimwambia mkono mmoja hauchinji ng'ombe. "Shangazi," akasema, "mimi sichinji. Nashona." Nilimfundisha mwenyewe, kwenye cherehani yangu ya miguu. Shule niliishia darasa la sita, lakini kitambaa nakijua. Nilimfundisha jambo moja kabla ya mengine yote: ukishapima, ongeza nusu inchi ya mshono. Nguo kubwa hupunguzwa, ndogo inageuka tambara la kufutia meza. Nililirudia hilo mpaka akawa anaongeza bila kufikiri, kama mtu anavyopepesa macho.

Sasa ana miaka ishirini na tisa. Amepanga vyumba viwili ghorofa ya pili, cha mbele anashonea, cha nyuma analala. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: KIWIKO, FUNDI WA NGUO. Nilimwomba aandike jina lake la kweli. Alinijibu kuwa jina la kweli wanalo wengi.

Jengo hilo zamani lilikuwa ofisi. Chini yake yanapita malori kutwa, kwa hiyo aliyelijenga aliweka madirisha ya vioo viwili, kioo juu ya kioo, na hewa imefungiwa katikati. Ukiyafunga, lori linapita kama picha, halina sauti. Lakini ni mazito. Ili ufunge, lazima mkono mmoja usukume dirisha lote likae kwenye fremu, na mwingine ushushe kishikio. Kiwiko alikuwa anasukuma kwa mkono wa kushoto na kupiga kishikio kwa kiwiko cha kulia. Paa, limefunga. Alifanya hivyo miaka miwili.

Kisha vishikio vikaanza kukatika. Vilikuwa vya bati jepesi lililopakwa rangi ya fedha, na kimoja baada ya kingine vilivunjika shingoni. Msimamizi wa jengo, mzee mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, aling'oa mabaki yote na kuyatupa. Yakabaki matundu manne ya mraba. Tangu hapo kila asubuhi mzee alipita na koleo lake, akachomeka kipande cha chuma kwenye tundu, akakizungusha, akafungua. Jioni alikuja kufunga. Mvua ikinyesha katikati, basi alitafutwa.

"Wewe niite tu, binti," alikuwa akisema. "Vishikio vya madirisha haya havipo tena madukani. Labda ubadili dirisha zima."

Mimi niliona ni mpango mzuri. Kuna mtu mzima anayepita asubuhi na jioni kumwangalia mwanangu, ningetaka nini zaidi?

Siku moja nilifika mchana nikakuta madirisha yote yamefungwa. Msimamizi alikuwa na safari zake, hakupita asubuhi. Pasi ilikuwa moto, chumba kimejaa mvuke na vumbi la vitambaa, na mwanangu anapumua kwa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Kifua chake nakijua tangu utotoni. Amefungua mlango wa nje, lakini ngazi zile hazina upepo.

"Beba cherehani," nikasema. "Twende nyumbani. Chumba chako kipo vilevile, na dirisha lake ni la mbao, linafunguka kwa kidole."

Hakuacha kupiga pasi. "Ulikuwa unaisubiri siku hii, mama."

"Naisubiri vipi mimi? Sikia unavyopumua."

"Nasikia. Ndiyo maana leo asubuhi nimefika ghorofa ya kwanza nikamgongea mzee anipe hewa. Mtu mzima, na nguo za wateja mkononi, naomba hewa kama naomba chumvi. Na hakuwepo." Aliiweka pasi wima. "Tukubaliane. Jumamosi uje. Nikiweza kuyafungua na kuyafunga yote manne mwenyewe, bila mzee, bila wewe, habari ya kurudi nyumbani hutaitaja tena. Hata kwa mzaha."

"Na usipoweza?"

"Nitabeba cherehani."

Nilikubali upesi. Sitasema uongo, nilikubali kwa sababu nilijua hataweza.

Alianza kupima palepale. Akapanda kwenye kiti, akachukua sindano ya kufumia, akaichomeka kwenye tundu mpaka ikagota, akaitia alama ya chaki. Akaishusha juu ya futi yake. Kisha akabandika karatasi kwenye fremu, akapapasa yalipo matundu ya skrubu, akaikata kama anavyokata karatasi ya kola ya shati. Akaandika vipimo pembeni. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye miguu ya kile kiti. Kilikuwa kinayumba. Karatasi sikuiangalia.

Kesho yake tulikwenda dukani, kwa muuza vifaa vya ujenzi mwenye mifuko chini ya macho na kikombe cha chai kisichoisha. Naye alianza na wimbo wa msimamizi: badilini dirisha zima. Kiwiko akamwekea karatasi yake mezani na kusimama tu. Muuzaji aliiangalia, akaingia nyuma, akarudi na boksi lenye vumbi.

"Hivi hapa. Hiki cha dhahabu ndicho wanachopenda akina mama."

Kilikuwa kizuri kweli, kifupi, kimejikunja kama jani. Nikamwambia achukue hicho. Kiwiko alimwambia muuzaji, "Kishike hivyo, kisimamishe," kisha akakipiga kwa kiwiko. Kiwiko kikateleza, kikamgonga muuzaji mkononi. Chai ikamwagika kidogo.

"Dada, hapa tunajaribu kwa mkono."

"Huu si mkono? Lete kingine."

Kilichofuata kilikuwa na kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba huku unazungusha, na ufunguo pembeni. Hapo moyo wangu ukatulia. "Hiki kina usalama," nikasema. "Mwizi hawezi."

"Na mimi siwezi, mama. Tutakuwa wawili nje."

"Ghorofa ya pili wezi wanapanda."

"Mwizi atakayepanda mpaka kwangu kufuata sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo, nitampima nimshonee suruali."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri misumari walicheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Alijaribu cha tatu, cha nne, cha tano, kila kimoja kwa kiwiko, na muuzaji akawa anavishika kwa mbali kama anashika nyoka. Mwisho muuzaji alichoka.

"Mchagua jembe si mkulima, dada yangu."

"Asiyechagua analima kwa mikono," Kiwiko akasema. "Mimi huo mmoja nauhitaji kwa kazi nyingine. Kile cha chini kabisa ni nini?"

Kilikuwa kishikio kirefu, cheusi, bapa kama mpini wa kisu kikubwa. Hakina kitufe, hakina ufunguo, hakina uzuri wowote. Muuzaji alisema vishikio hivyo wananunua wenye maghala. Kiwiko akakipiga, kikazunguka mara moja, tak. Akakipiga tena juu, kikarudi.

"Kibaya sana hiki," nikamwambia. "Wateja wako watadhani wako stoo."

"Wateja wanakuja kuvaa nguo, hawaji kuvaa dirisha. Nipe vinne."

Muuzaji aliuliza kijiti cha mraba kinachoingia kwenye fremu anataka kirefu kiasi gani. Viko vya sentimita tatu na vya nne. Kiwiko akasoma karatasi yake. "Nimepima nne na robo. Nipe vya nne."

Jumamosi nilifika mapema, na gunia la kubebea cherehani nimelikunja ndani ya mkoba. Msimamizi naye alikuwa amesimama dirishani, koleo mkononi, amekuja kuona. Kiwiko alikuwa juu ya kile kiti kinachoyumba. Akachomeka kishikio cha kwanza kwenye tundu, akakisukuma. Kikagota. Akasukuma kwa bega. Kati ya kishikio na fremu likabaki pengo la upana wa kidole, na skrubu hazikufika popote.

Akajaribu dirisha la pili. Vilevile. La tatu, la nne.

"Nilisema," msimamizi akasema taratibu. "Haya madirisha yana vyake."

Nilihisi furaha ikinipanda kifuani, na nikaona haya, nikaangalia chini. Pale mezani ndipo nilipoiona ile karatasi. Sindano ya kufumia ilikuwa pembeni yake, bado ina alama ya chaki. Nikaichukua, nikailaza juu ya futi. Sentimita tatu kamili. Lakini karatasi inasema nne na robo.

Ningeweza kunyamaza. Gunia lilikuwa kwenye mkoba, na mwanangu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa dirisha ameinamisha kichwa, amebakiza kusema neno moja tu. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni ufundi tu. Mtu akiona kosa la kipimo hawezi kuliacha.

"Umeongeza nusu inchi," nikasema.

Akainua kichwa. "Nini?"

"Ya mshono. Umepima tundu la chuma, ukaliongezea mshono."

Aliiangalia karatasi, akaniangalia mimi. Kisha akacheka mpaka kifua kikaanza tena, msimamizi akawa anatutazama kama tumerukwa na akili. "Na nani aliyenifundisha?" akauliza. "Eti mama, nani?"

"Basi yamekwisha," msimamizi akasema. "Vimekuwa virefu."

Kiwiko aliteremka ukingoni. "Mzee, kirefu si msiba. Kingekuwa kifupi ndiyo ningelia. Una msumeno wa chuma?"

Mzee alikwenda akarudi nao, na tupa ya kulainishia. Akanyoosha mkono. "Lete, binti, dakika tano tu nakukatia."

"Umeshanifungulia miezi mitatu, mzee, asante. Hivi nakata mwenyewe."

Alitia alama ya chaki, safari hii bila kuongeza hata unywele. Akaweka kishikio juu ya kigoda, akakikanyaga kwa kiatu, mkono wa kulia akaulaza juu ya kijiti kukituliza, na wa kushoto ukashika msumeno. Nilisimama. Niliona damu ambayo haikuwepo.

"Mama, kaa."

Nikakaa. Nilikalia mikono yangu, ndivyo nilivyoweza. Msumeno uliteleza mara mbili mwanzoni, ukachora kigoda. Mara ya tatu ukashika. Kipande kidogo cha chuma kikaanguka sakafuni, kikaviringika mpaka chini ya cherehani. Hakupumzika. Alipofika cha tatu jasho lilikuwa linamdondoka puani, na msimamizi alikuwa ameliweka koleo lake chini, amekaa juu ya robota la vitambaa.

Baada ya cha nne alinisukumia tupa kwa mguu. "Ncha zina makali. Wewe lainisha, mimi naanza kufunga skrubu."

Nililainisha. Ilikuwa kama kumalizia pindo.

Vishikio vilikaa kwenye fremu kama vimezaliwa hapo, vyeusi, vibaya, virefu. Akasogea dirisha la kwanza, akapiga kwa kiwiko, akavuta. Kelele za malori zikaingia zote kwa pamoja, na upepo nyuma yake, vipande vya vitambaa vikaruka mezani. La pili. La tatu. La nne. Kisha akarudi nyuma akiyafunga: mkono wa kushoto unasukuma, kiwiko kinashuka, paa, paa, paa, paa. Chumba kikawa kimya kabisa. Akayafungua tena yote.

Msimamizi aliliokota koleo lake. "Sasa mimi hili nilifanyie nini?"

"Wapangaji wa ghorofa ya tatu nao wamekatikiwa," Kiwiko akamwambia. "Peleka kipimo. Waambie sentimita tatu, wasiongeze."

Mzee alipotoka, tulibaki wawili na upepo. Mwanangu alikuwa amesimama katikati yake, mgongo umelowa jasho, anapumua vizuri. Nilibana midomo kadiri nilivyoweza.

"Vaa kitu mgongoni," nikasema.

Aligeuka, mkono kiunoni. "Mama. Tulikubaliana nini?"

"Kurudi sijataja. Nimetaja mgongo."

Akavuta shati moja ambalo halijatiwa vifungo, akalitupia mabegani, akakaa kwenye cherehani. Mimi nililitoa lile gunia kwenye mkoba, nikamfagilia vipande vya vitambaa vilivyoruka, nikavitia humo.