Mwimbaji wa Mwisho wa Kometra

Swali moja ndilo lililonitoa Magomeni. Jumapili ilikuwa zamu yangu kuwasimulia wenzangu wa baraza la wapenda santuri historia ya Kometra, bendi ya Ulaya iliyopiga disko ya anga: vinanda vya umeme, helmeti za wanaanga jukwaani, nyimbo za sayari. Nilikuwa nimekwisha kuandika walivyoanza katika kumbi ndogo, walivyovuma, na jinsi mwimbaji wao wa kike alivyoondoka, nafasi yake ikachukuliwa na mwanamume wa sauti nzito katika wimbo wa mwisho, wa polepole na wa huzuni. Sura hiyo niliipenda kuliko zote. Lakini wimbo wenyewe niliujua kwa kanda tu, niliyorithi kwa marehemu kaka yangu.

"Santuri yenyewe umeiona?" mwenzangu mmoja aliniuliza.

Sikuwa nimeiona, na mtandaoni sikuipata. Juu ya kanda kulikuwa na maneno mawili: Nassor, Bagamoyo.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi. Baada ya Bunju nyumba zilianza kuachana na mikorosho ikatokeza. Kerege tulisimama, abiria wakanunua mananasi kupitia madirishani. Langu nililiahirisha hadi wakati wa kurudi.

Bagamoyo, katika mtaa wa zamani, sikuhitaji kuuliza mara mbili. Mzee Nassor alikuwa muuza vitambaa, na hapo zamani ndiye aliyepiga muziki katika arusi za mji. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Mkewe, Bi Zuwena, alileta kahawa na haluwa.

"Umetoka Dar kwa ajili ya makelele yale?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi mmekuwa wawili. Nilidhani ni huyu wangu peke yake."

Mzee alitoa santuri sandukuni, akaifuta kwa kanga ya mkewe, naye akamnyang'anya kanga. Nilisoma karatasi ya katikati. Jina la mwimbaji lilikuwa la yule yule mwanamke. Nikasema huenda wachapaji walikosea.

Mzee hakubisha. Aliiweka kwenye mashine, akasukuma swichi ya kasi juu. Wimbo ulitoka mbio, wa furaha, na sauti ya mwanamke ikapaa juu ya vinanda.

"Siyo huu," nikasema.

"Ndiyo huu. Tulia."

Akarudisha swichi chini. Vinanda vikalegea, na sauti ya mwanamke ikashuka, ikashuka, mpaka ikawa ya mwanamume wangu.

"Huyu bwana alitaka niingie ukumbini kwa wimbo ule," alisema Bi Zuwena. "Shangazi zake wakasema bibi arusi haingii kama anayefukuzwa na nyuki."

"Nikapunguza kasi," alisema mzee. "Wakaridhika. Mmoja akaniuliza kama mwimbaji ni Mmisri."

"Ukamjibu ndiyo."

"Ningemwambiaje? Baada ya hapo kila arusi ikautaka hivyo hivyo. Nikawa nawarekodia watu kanda."

Sura yangu ya mwisho ilikuwa imeanguka yote: hakuna aliyeondoka, hakuna aliyeingia, wala huzuni haikuwapo.

"Sasa yule mwanamume utamfanyaje?" Bi Zuwena aliuliza.

"Nitamfuta, mama."

"Umfute? Aliyeniingiza ukumbini ni yeye. Huyo mwanamke mimi simjui."

Mzee alicheka hadi kahawa ikamwagika.

Alasiri nilirudi. Kerege nilinunua nanasi langu, nikalipakata hadi nyumbani, nikifikiri. Nilikuwa nimeamini kwamba historia ya bendi ni yale iliyoyafanya kwao. Sikuwa nimehesabu yale tuliyoifanyia sisi.

Jumapili niliwaambia wenzangu kwamba Kometra walimaliza kwa mbio, mwimbaji wao akiwa yule yule. Kisha nikawapigia kanda. Yule mwanamume sikumfuta. Nilimwandikia sura yake peke yake, na mahali pa kuzaliwa nikaandika Bagamoyo.