Jogoo wa Mama Bandani kwa Mjomba

Banda la mjomba wangu pale Kariakoo linanuka mavi ya kuku na manyoya yaliyoloweshwa maji ya moto, lakini si harufu iliyonifukuza. Hiyo nilishaizoea. Aliyenitia kinyaa ni mjomba mwenyewe.

Mama yangu, dada yake mkubwa, anafuga kuku wa kuchi huko Singida, wale warefu wa shingo na miguu. Alikuwa anawatuma kwa basi ndani ya matenga, na mjomba akishapokea anapiga simu: "Dada, niletee majogoo wakubwa tu. Hawa wadogo watu wa mjini hawawataki." Kweli hawawataki. Mteja wa Kariakoo humnyanyua kuku, akambonyeza kifua, asiporidhika anamtupa tengani. Basi Mama akawa anatuma majogoo bora, anabaki na waliodumaa, na hao ndio wakawa wanapanda mitetea yake. Miaka ikapita, kuku wa Mama wakawa vijikuku vya aibu. Mbegu nzima tumeinywa supu hapa mjini.

Mjomba wala hakushtuka. Alijaza banda machotara, kuku wa mchanganyiko wanaototolewa kwa mashine, akaendelea kuwaita kuku wa Singida kwa bei ileile. "Kienyeji huyu, mama, kala panzi!" anamwambia mteja, na kuku mwenyewe hajawahi kukanyaga udongo. Mimi nanyonyoa, nasikiliza.

Siku moja Mama akaja mwenyewe. Alitaka jogoo mmoja tu wa kuchi, aokoe mbegu yake. Mjomba alikuwa naye, aliyetoka kwa jirani yetu wa kijijini. Asubuhi hiyohiyo alimuuza kwa muuza supu, akijua dada yake yuko njiani. Mama alipofika akakabidhiwa chotara mnene aliyefungwa miguu.

"Kuchi huyo, dada. Uzao wa majogoo yako mwenyewe."

"Mama, huyo ni chotara," nikasema, mjomba akiwa hapohapo.

"Nyamaza! Mdogo wangu hawezi kunifanyia hivyo."

Nikavua aproni. Sasa nauza viatu vya mtumba Mchikichini, na kuku sili.

Mwaka huu tulikutana kwa mjomba, kwenye arusi ya binti yake. Mama akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba mitetea waliozaliwa na yule jogoo wanataga vizuri, lakini wakishataga wanaondoka zao. Hakuna anayeatamia.

"Nunua mashine ya kutotolea," mjomba akasema, mdomo umejaa pilau.

"Kwetu umeme haujafika."

Mjomba akalamba vidole, akafikiri kidogo. Akasema basi hana tabu, atakuwa anamuuzia vifaranga vya chotara kila msimu, kwa bei ya ndugu.

Mama akamshukuru.